Konzi ya Nani

Ua lililonifungulia mlango kwa yule bibi wa Kirusi halikuwa hata dawa. Lilikuwa limepandwa kwenye kopo la samaki lililotobolewa chini, limekaa dirishani, katika kijiji kimoja kusini mwa Leningrad, Juni 1986. Majani yana vinyoya kama shavu la mtoto, maua ya zambarau, katikati nukta ya njano. Mimi nilisimama mlangoni na begi langu, nimepangiwa kulala kwake wiki tatu, na mama wa watu hajui afanye nini na kijana mweusi aliyeshushwa na lori la kijiji.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

Nikasema Tanzania. Kimya. Nikasema Afrika, mashariki, upande wa bahari. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za mwezini. Nikataja Tanga. Mwisho, kwa kuishiwa tu, nikasema kwetu hasa ni milimani, Usambara.

Bibi akageuka dirishani, akalitazama lile kopo, akanigeukia tena. "Uzambarskaya?"

Kumbe ndivyo Warusi wanavyoliita: uzambarskaya fialka, ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alilikuta huko milimani akampelekea baba yake Ujerumani mbegu, na tangu hapo likazagaa kwenye madirisha ya Ulaya nzima. Kwetu linaota kwenye nyufa za miamba penye kivuli na hakuna anayelishughulikia. Huko nililikuta linapewa heshima ya mkwe. Bibi akanikalisha, akanimiminia chai, akaniuliza linataka maji kiasi gani, maana lake lilikuwa linaoza mizizi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwetu linanyweshewa na Mungu.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa ufamasia, baada ya mwaka mzima wa kujifunza Kirusi. Kwa walimu wetu, mfamasia asiyeutambua mmea ukiwa porini hakuwa mfamasia, alikuwa muuza duka. Kwa hiyo kila kiangazi tulipelekwa vijijini kuchuma, kuanika, kubana majani katikati ya magazeti na kuandika majina ya Kilatini kwenye vikaratasi. Kazi nzuri, mbu wengi, na chakula kilikuwa viazi, viazi, na viazi.

Hapo ndipo nilipokaribia kujiua. Bwenini nilikuwa na rafiki kutoka Kaukazi aliyenifundisha kula cheremsha, majani ya porini yenye harufu ya kitunguu saumu, nayo kwa mtu mwenye hamu ya mchicha kama niliyokuwa nayo yalikuwa neema. Siku ya tatu pale kijijini nikaona nyuma ya banda la kuogea majani mapana, mawili mawili, laini, hayana ua. Nikachuma ya kujaza sufuria, nikayaosha. Bibi akaingia kutoka kumkamua ng'ombe, akachungulia sufuria, akanipiga konzi ya utosi. Konzi kweli, kama mtoto wa darasa la pili.

Akachukua jani moja, akalisugua, akanitia puani. "Nusa. Kitunguu saumu kiko wapi?"

Hakikuwepo.

"Hii landysh. Moyo unasimama."

Halafu akafungua kabati dogo la ukutani, akatoa kichupa cha duka la dawa, akanionyesha maandishi. Matone ya landysh na valeriana. Dawa yake ya moyo, anakunywa usiku, anahesabu tone moja moja huku midomo ikicheza. Na kila mwaka maua yakifunguka alikuwa akichuma landysh ile ile, anaianika darini na kuipeleka kituo cha serikali kinachonunua mimea kwa ajili ya viwanda vya dawa. Yaani jani ambalo lingenizika mimi mchana ndilo lililompa yeye usingizi usiku. Nilishindwa kula siku hiyo, si kwa hofu, kwa aibu. Mwaka mzima nimekariri Kilatini, na mwanamke aliyesoma madarasa manne ndiye aliyeniokoa kwa kunusa.

Aibu hiyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko landysh.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mganga wa miti shamba, upande wa Muheza, mguuni mwa milima ya Amani. Watu walimjia alfajiri na watoto wenye homa, mchango, vidonda visivyofunga. Nilipoanza sekondari alianza kunitia haya. Nilipojaza fomu za kwenda masomoni, mahali pa kuandika kazi ya mlezi niliandika "mkulima". Si uongo, alilima. Lakini hakuna aliyewahi kubisha hodi kwake saa kumi usiku kutafuta mahindi.

Jambo moja la bibi lilikuwa likiniudhi kuliko yote: hakuwa na kipimo. Mgonjwa akija, bibi anamsogezea ungo wa majani makavu na kumwambia, "Chota mwenyewe, konzi moja." Mtoto wa miaka minne atachota kwa kimkono chake, baba mtu atachota kwa mkono wake uliopasuka kwa jembe. Nikimuuliza kwa nini hachoti yeye, hujibu, "Dawa inamjua mwenyewe." Nililiweka hilo kwenye fungu la mambo ya kizamani.

Mwaka wa tatu, darasa la famakolojia, mwalimu anaandika ubaoni jinsi ya kupiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo za uzito wake. Nikaweka kalamu chini. Mkono wa mtoto unampima mtoto. Mkono wa mtu mzima unampima mtu mzima. Sisemi bibi alijua hesabu ya kilo, na sisemi mkono ni mizani. Nimeona wanaume wembamba kama ufito wenye viganja vya kuvulia papa. Lakini ni kipimo kisichopotea, kisichoibwa, na kinakua pamoja na mgonjwa. Na mimi nilikuwa nimekiita ushamba.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza vipindi vya historia ya tiba kwa sikio lingine. Awali nilikuwa navitumia kulala.

Chuo chetu kilikuwa kwenye kisiwa ambacho jina lake lenyewe ni Aptekarsky, Kisiwa cha Wafamasia. Mwaka 1714 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, aliamuru pawekwe hapo shamba la mimea ya dawa, miaka minane baada ya kuanzisha la Moscow, na shamba lile ndilo lililogeuka kuwa Bustani ya Mimea tuliyokuwa tukiingia kufanya mazoezi. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, ndani ya nyumba za vioo migomba na michikichi. Wazo la bustani ya namna hiyo halikuwa la Petro. Padua, Italia, walikuwa na yao tangu 1545, na Pisa waliwatangulia kidogo, ili wanafunzi wa udaktari waone mmea wenyewe badala ya kusoma sifa zake tu. Siku moja, nimekaa kwenye benchi la joto kati ya migomba ya Leningrad, nikang'amua kuwa nimekulia ndani ya mjukuu wa Padua. Pale Amani Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 na bustani kubwa ya mimea ya kila pembe ya dunia. Walipanda mikwinini, na wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza walipoziba bahari, kwinini ya kuwatibu askari wao ilitengenezwa hapo hapo mlimani. Mimi nilicheza kombolela chini ya miti hiyo nikidhani ni msitu.

Katika masimulizi yote ya darasani, mtu niliyempenda kwanza ni Agapit, mtawa wa karne ya 11 katika Monasteri ya Mapangoni, Kyiv. Alikuwa akiwalisha wagonjwa majani yale yale aliyoyachemsha kwa chakula chake, na hakupokea malipo. Mjini kulikuwa na tabibu Mwarmenia mwenye sifa, aliyeweza kumtazama mgonjwa na kutaja siku atakayokufa. Akaona wivu, akaja kumchungulia Agapit anatumia nini. Alipoonyeshwa majani akasema, haya si ya kwetu, nadhani yameletwa kutoka Aleksandria. Agapit akamcheka. Yalikuwa majani ya hapo hapo. Nimelikumbuka hili mara nyingi nikiwa nyuma ya kaunta, mteja akirudisha dawa iliyotengenezwa nchini na kuuliza kama hakuna "ya Ulaya".

Wa pili ni Leon. Huyu sikumpenda, nilimhurumia. Alikuwa tabibu Myahudi aliyeletwa Moscow mwaka 1490 kutoka Venisi. Mwana wa mtawala wa huko Ivan wa Tatu, mrithi wa kiti, alikuwa na maumivu ya miguu yanayoitwa kamchuga. Leon akamwahidi baba: nitamponya, nisipomponya nikate kichwa. Akamnywesha dawa za majani, akamkanda kwa chupa za maji ya moto. Hali ikazidi. Mwana mfalme akafa Machi, Ivan akangoja arobaini ipite, maana Wakristo wa Kirusi nao wanahesabu arobaini ya maiti kama sisi, kisha Aprili 22 Leon akakatwa kichwa hadharani. Miaka michache kabla yake tabibu mwingine, Anton Mjerumani, alikuwa amekabidhiwa kwa ndugu wa mwana wa kifalme wa Kitatari aliyemfia mikononi. Wakampeleka chini ya daraja la mto Moskva wakamchinja. Mwandishi wa kumbukumbu za wakati huo anasema: kama kondoo.

Mwalimu alisimulia haya kama kichekesho cha zama za giza. Mimi sikucheka. Nilijua mganga mmoja wa kijiji cha jirani aliyelazimika kuhama usiku baada ya mtoto kumfia, na wala hakuwa mchawi, alikuwa mtu mwenye bahati mbaya na mdomo mrefu. Kosa lake na la Leon ni moja: kuahidi. Bibi yangu hakuahidi kamwe. Alisema, "Tujaribu siku tatu, ikikataa nenda hospitali." Nilidhani hajiamini.

Mwishoni mwa karne ya 16 watawala wa Moscow walikuwa na ofisi nzima ya kusimamia dawa, Aptekarsky Prikaz. Wafamasia na madaktari waliletwa kutoka Uingereza na Uholanzi kwa mishahara mikubwa, lakini mitishamba ilitafutwa na watu wa kawaida. Wakulima walipewa wajibu wa kuleta matunda ya mreteni kama wanavyoleta kodi. Magavana wa Siberia waliagizwa kutuma Moscow unga wa mmea uitwao zveroboy, pudi moja kila mwaka, yapata kilo 16. Mwaka 1654 ofisi hiyo ikafungua shule ya kwanza ya matabibu Warusi, na wanafunzi wake kiangazi walipelekwa kuchuma mitishamba. Mbu wao na mbu wetu nadhani ni ukoo mmoja.

Huyo zveroboy nimsemee kidogo. Jina lake maana yake ni "muua wanyama", kwa sababu mifugo myeupe ikiula kisha ikakaa juani ngozi inaungua. Lakini kwa watu, Warusi wanauita majani ya magonjwa tisini na tisa. Nilipomweleza bibi mwenye nyumba kuwa kwetu kuna mti unaoitwa mwarobaini, kwa sababu unatibu magonjwa arobaini, alifikiri kidogo, akasema kwa huruma kwamba arobaini si haba. Wametuzidi kwa hamsini na tisa. Hata hivyo mwaka 2000 ilithibitishwa kuwa zveroboy huyo huyo anapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI mwilini, na leo tunajua anavuruga hata vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kuyeyusha damu. Mti unaotibu magonjwa tisini na tisa una njia tisini na tisa za kugongana na vidonge vyako.

Sasa niende kwenye rafu. Mwaka wa tatu tulipewa mazoezi ya kutambua dawa za kale kwa macho, pua na ulimi. Kwenye vichupa vilivyopangwa kulikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa kama lami, jina limebandikwa: sabur. Nikaweka chembe ulimini, nikatema, na neno likanitoka kwa Kiswahili kabla sijafikiri: "Shubiri!" Darasa likanigeukia. Ilikuwa shubiri kweli, maji ya mshubiri yaliyokaushwa, na jina pia ni moja, neno la Kiarabu lililopanda jahazi likaja pwani yetu na kupanda ngamia likafika Moscow. Iliyosifiwa tangu zama za Wayunani ilitoka Sokotra, kisiwa kilicho njiani mwa majahazi ya kwetu. Bibi aliwapaka akina mama shubiri kwenye chuchu wakati wa kumwachisha mtoto. Maboyari, wakubwa wa Kirusi, walimeza kwa ajili ya choo kigumu.

Mwalimu alifurahi, akanipa maksi, na kwa kuwa nilikuwa nimejipatia jina, akaniletea kichupa cha pili. Mumiyo. Tukatazamana. Hapo nikanyamaza, maana ningemwambia nini? Kwetu mumiani ni neno la kuwafukuza watoto barabarani usiku. Wazee wetu waliamini kuna watu wanaonyonya damu za watu kutengeneza dawa za Wazungu, na zama za ukoloni walishukiwa wazima moto na wenye magari yasiyoeleweka. Lakini kabla ya hofu hiyo mumiani ilikuwa dawa tu, kitu cheusi kama gundi kilichouzwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, jamaa ya hiyo mumiyo ya milima ya Asia iliyokuwa mbele yangu. Kilichonishtua ni kipindi cha wiki iliyofuata. Kwa mamia ya miaka maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri zilizokaushwa, kwa jina hilo hilo, mumia, wa kunywa, kwa michubuko na kutoka damu. Wafanyabiashara waliishiwa maiti za kale wakaanza kukausha za jana. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika kuipinga mwaka 1582, na watu wakaendelea kununua.

Kwa hiyo nikiwasikia vijana wanawacheka bibi zao kwa hadithi za mumiani, huwa nawauliza kama wanajua wafalme wa Ulaya walikuwa wanakunywa nini. Bibi zetu walikosea mahali na wakati. Kitu chenyewe kilikuwepo.

Ulaya nayo ilikuwa na utengano wake kati ya tabibu wa vitabu na mwanamke wa majani. Vyuo vikuu vilisoma Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, iliyokamilika yapata 1025 na kutafsiriwa Toledo kwa Kilatini na Gerard wa Cremona karne iliyofuata, na waliendelea kuisoma mpaka miaka ya 1600. Mwaka 1527, mjini Basel, tabibu Paracelsus, inasemekana, akakitupa kitabu hicho motoni siku ya Mtakatifu Yohana, kwa makeke yake. Yeye alijigamba kujifunza kwa wachimba madini, vinyozi na vikongwe. Alikuwa mlevi na mgomvi na mengi aliyofundisha ni upuuzi, lakini mwaka 1538 aliandika jambo moja ambalo kila mfamasia analo mfukoni: kila kitu ni sumu, kinachokiondolea sumu yake ni kipimo. Kirusi cha zamani kina neno moja, zelye, kwa majani, kwa dawa na kwa sumu. Sisi nasi tunasema "amemtia mwenzake dawa", na hatuna maana ya kumponya.

Ndiyo maana dawa ya mfalme wa Moscow ilionjwa na daktari kwanza, halafu na mkuu wa Prikaz. Artamon Matveyev, aliyeishika ofisi hiyo, alijitetea kwamba hata yaliyobaki kikombeni aliyanywa yeye. Haikumsaidia. Alishitakiwa kwa uchawi kwa sababu ya kitabu cha tiba chenye alama za siri, akapelekwa uhamishoni kaskazini. Aliporudishwa mwaka 1682 askari walioasi wakamuua, na wakamuua daktari Daniel von Gaden kwa tuhuma za kumpa mfalme sumu. Nyumbani kwa daktari walikuta viumbe waliokaushwa, vifaa vya kazi yake, wakasema ushahidi huu hapa. Ukitaka kujua kama mtu ni mganga au mchawi, usitazame kabati lake. Tazama kama mgonjwa wake wa mwisho alipona.

Hadithi ya William Withering inatoka Uingereza, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kazi. Mwaka 1775 daktari huyu aliombwa maoni kuhusu dawa ya kuvimba mwili iliyokuwa siri ya ukoo, kwa mwanamke mmoja mzee wa Shropshire aliyewaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Ndani yake mlikuwa na majani ya aina ishirini au zaidi. Withering akaona kwamba linalofanya kazi ni moja tu, lile la maua marefu kama vidole vya glavu, digitalis. Kisha akafanya kitu ambacho yule mama hakukifanya: miaka kumi alibadilisha dozi, akaandika waliopona na walioharibikiwa, pamoja na makosa yake mwenyewe, akachapisha kitabu 1785. Vidonge vya moyo vya digoksini ninavyouza leo ni uzao wa kitabu hicho. Jina la yule mama hakuliandika.

Mwaka wa nne nilikutana na jambo hilo wodini. Muuguzi anamchoma mgonjwa wa moyo dawa mshipani, polepole sana, jicho liko kwenye saa. Kwenye kichupa: Strofantin K. Nikamuuliza mwalimu K ni nini. Kombe, akasema, mti wa kutambaa wa kwenu Afrika, sumu ya mishale. Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone mto Zambezi, ambaye baadaye akawa balozi wa Waingereza Unguja, aliweka mswaki wake pamoja na sampuli ya sumu hiyo, akapiga mswaki, akaona mapigo ya moyo wake yanashuka. Mengine yalimalizwa na maabara ya Edinburgh. Jina kombe si la Kiswahili, ni la watu wa bonde la Shire, lakini mtu wa Pwani hawezi kulisikia asikumbuke kombe letu la aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na kunywewa. Nami nikakumbuka jambo jingine. Bibi alikuwa akitukataza kabisa kutumia vijiti vya msunguti kuchomea nyama. Msunguti wa wawindaji, kombe, digitalis, landysh ya nyuma ya banda: familia moja ya sumu, ugonjwa mmoja wa moyo. Mabibi wawili, umbali wa maelfu ya kilomita, walinikinga na kitu kimoja, na mmoja wao nilimwandika "mkulima".

Niliporudi 1990 bibi alikuwa hai, amepofuka. Nilikwenda na daftari, nikakaa naye mwezi. Sitawadanganya kwamba nilipata hazina. Mengine alikuwa amesahau, mengine alikataa, na mengine yalikuwa mabaya: dawa moja aliyowapa wenye homa ya manjano nilimsihi aiache, tukagombana, hakuniongelesha siku mbili. Niliandika miti thelathini na kitu, kila mmoja na kikonyo chake kimebanwa kwenye gazeti, kama tulivyofundishwa. Kisha nikamuuliza habari ya konzi, kama alifanya vile kwa kuwa mtoto ni mdogo. Akanyamaza, akasema mama yake alifanya hivyo. Basi.

Leo nina duka la dawa Tanga mjini. Daftari jingine liko kaunta, na kila anayenunua dawa ya presha, ya moyo au ya kisukari namuuliza anakunywa majani gani, bila kukunja uso. Ukikunja uso tu, mteja anasema hatumii kitu. Ilinichukua muda kuzoea. Miaka ya mwanzo niliwafokea watu, nao wakawa wanadanganya, na mzee mmoja alikaribia kutufia kwa sababu nilikuwa mkali kuliko ninavyotakiwa.

Wiki iliyopita alikuja mama na mtoto wa kiume wa miaka kama mitano, anaharisha. Nikampa chumvi ya kurudisha maji mwilini, nikamuuliza kama kuna kitu ameshampa. Akasita, akafungua ncha ya kanga, akanimwagia kaunta majani makavu yaliyovunjikavunjika. Nikayanusa. Sikuyajua.

"Umemchemshia kiasi gani?"

"Konzi moja tu, kaka."

"Konzi ya nani?"

Akautazama mkono wake. Nikamwambia achote, nikayaweka kwenye mizani. Kisha nikamshika mtoto, nikamwambia achote na yeye. Ya mama yalikuwa gramu kumi na mbili. Ya mtoto, nne.

"Usimpe tena," nikamwambia. "Umnyweshe hayo maji ya chumvi, umrudishe kesho asubuhi nimwone, na akizidi usiku mkimbize hospitali. Na huo mti wenyewe niletee tawi. Lenye ua."